Dereva Huisoma Lami Kabla ya Bango

Chukua barabara ya njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, kila moja mita 3.5. Ni mita 14 za lami kutoka ukingo hadi ukingo. Kipimo ambacho wahandisi wengi hukitumia kwa mwendo wa mtu mzima ni mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka kutamchukua karibu sekunde 12. Katika sekunde hizo, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa huwa limekata karibu mita 200. Basi mtu huyo, kabla hajashusha mguu barabarani, anatakiwa alione gari lililo mita 200 kutoka alipo, akisie linakuja kwa kasi gani, ageuze shingo afanye hesabu ileile kwa magari ya upande wa pili, kisha aunganishe majibu mawili na asikosee. Mtoto wa miaka saba haiwezi hesabu hiyo. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde kwa sababu ya magoti anahitaji zaidi ya sekunde 17, na gari litakalomkuta katikati huenda lilikuwa halijaonekana kabisa alipoanza kuvuka.

Sasa jenga kisiwa katikati ya barabara hiyohiyo, chenye upana wa mita 2, ili hata mtu mwenye baiskeli aweze kusimama pale bila tairi kuchungulia barabarani. Hesabu inakatika vipande viwili. Anavuka mita 7 kwa sekunde 6, anaangalia upande mmoja tu, na gari la kuogopa ni lile lililo ndani ya mita 100. Anafika kisiwani, anavuta pumzi, anaangalia upande wa pili, anamalizia. Magari ni yaleyale, madereva ni walewale, na hakuna aliyehudhuria semina.

Ndiyo maana nikisikia ajali ya mwenda kwa miguu ikielezwa kwa neno "uzembe", huwa nauliza kwanza barabara ilikuwa na upana gani. Uzembe upo, sikatai. Lakini binadamu amekuwa akisahau, akichoka na kukosea tangu aumbwe, na hataacha kwa sababu tumebandika tangazo. Bunge la Uswidi lilipopitisha mwaka 1997 sera ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Dira ya Sifuri, lilianza na ukweli huo: watu watakosea, na kosa la kawaida lisiwe na adhabu ya kifo. Wajibu haukubaki tena kwa anayeitumia barabara peke yake. Anayeichora na kuitunza naye alitwishwa sehemu yake. Wakati huohuo, takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021 zinataja vifo milioni 1.19 barabarani kote duniani. Asilimia 23 walikuwa wanatembea kwa miguu, na asilimia 6 walikuwa kwenye baiskeli. Wengi wao hawakuwa na chuma chochote cha kuwakinga, mfupa tu.

Kasi, yaani mita na sekunde

Kila kitu kingine katika makala haya kinategemea kasi, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Madereva wawili wanapita mtaani kwa nyakati tofauti. Macho yao ni sawa, breki zao nzuri, lami kavu. Mmoja anakwenda kilomita 30 kwa saa, mwingine 50. Mtoto anachomoka nyuma ya gari lililoegeshwa, mita 14 mbele. Tuseme kila mmoja anachukua sekunde moja tangu kumwona mpaka mguu kuibana breki, na wapo wengi wanaochukua zaidi. Yule wa 30 anasafiri mita 8 katika sekunde hiyo, kisha anahitaji mita 5 nyingine za breki. Anasimama mtoto akiwa mbele ya boneti, wote wawili wanatetemeka, yameisha. Yule wa 50 anasafiri karibu mita 14 katika sekunde ileile ya kwanza. Mguu wake unagusa breki wakati gari linamgusa mtoto. Hajapunguza hata kidogo.

Tofauti ya kilomita 20 kwa saa inasikika ndogo ukiwa ndani ya gari, kwa sababu tunaipima kwa mshale wa dashibodi. Mwili unaipima kwa nishati, na nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: gari la kilomita 50 hubeba karibu mara 2.8 ya nishati ya gari lilelile likiwa 30. Kupanda kutoka 50 hadi 65 kunaongeza hatari ya mwenda kwa miguu kufa akigongwa kwa mara 4.5, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Azimio la Stockholm, lililotolewa mwaka 2020 na mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, lilitaja kilomita 30 kwa saa kuwa kikomo pale ambapo magari na watu wanachanganyika mara kwa mara, kwa sababu hizohizo. Graz, mji wa Austria, ulikuwa umeshafanya hivyo tangu 1992 kwa karibu mitaa yake yote isiyo barabara kuu. Hispania ilifuata mwaka 2021, nchi nzima, kwa mitaa ya mijini yenye njia moja kila upande.

Ila bango la 30 kwenye barabara iliyochorwa kwa 70 ni pambo. Dereva huisoma barabara yenyewe. Njia pana, iliyonyooka, isiyo na miti wala nguzo karibu, inayoonekana mbele kwa nusu kilomita, inamwambia akanyage mafuta, na mguu wake unatii kabla kichwa hakijafikiri. Wahandisi waliozirithisha barabara za mijini sifa hizo hawakuwa na nia mbaya. Walizitoa kwenye barabara kuu za mbali, ambako upana na uwazi kweli huokoa: gari likitoka njiani linapata nafasi ya kupungua mwendo bila kugonga mti. Kosa lilikuwa kuingiza dawa hiyohiyo mjini, kwenye shule na vituo vya mabasi. Huku nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kosa la dereva imejaa watu.

Kwa hiyo barabara inayotaka 30 inachorwa ionekane ya 30. Njia ya gari inapunguzwa kutoka mita 3.5 hadi 3 au zaidi kidogo. Basi lenye upana wa mita 2.5 bado linapita, isipokuwa sasa dereva anajua kwamba anapita. Miti inasogezwa karibu. Barabara iliyonyooka inapindwa kidogo kila baada ya muda. Na pale penye haja, tuta.

Kuhusu tuta niseme kidogo, maana limechafuliwa jina. Kile kichuguu cha lami kinachokwaruza gari kwa chini hakistahili kuitwa kazi ya mhandisi. Tuta lililopimwa, la umbo lililobuniwa kwenye maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza miaka ya 1970, lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10 tu. Ukilipita taratibu hulisikii. Ukilipita kwa haraka linakukumbusha. Liko bora zaidi ya hilo: kunyanyua kivuko chenyewe hadi kimo cha njia ya miguu, kikawa tuta lenye mgongo bapa. Hapo gari ndilo linalopanda kwenda kwa mtu. Mwenye kitimwendo hashuki wala hapandi, maji ya mvua hayatuami miguuni, na dereva anaona kwa tairi zake kwamba ameingia kwa wenyewe.

Pale gari moja linaposimama

Mistari myeupe ya kivuko, ile tunayoiita pundamilia, ilianza rasmi Uingereza mwaka 1951. Kwenye mtaa wa njia moja kila upande, mwendo ukiwa mdogo, inafanya kazi yake. Kwenye barabara ya njia nne, mistari hiyo peke yake inaweza kuwa mtego, na namna mtego unavyofunga ni hii.

Mwanamke anasimama ukingoni akiwa amemshika mtoto mkono. Lori katika njia iliyo karibu naye linapunguza, linasimama, dereva anamwonyesha kwa mkono: pita, mama. Ni ungwana. Anashukuru, anaingia barabarani, anapita mbele ya lori. Nyuma, katika njia ya pili, kuna gari dogo ambalo dereva wake anaona lori limesimama na hajui limesimamia nini. Kwake ni kizuizi cha kupita. Lori linamficha mama asilione gari, na linamficha dereva wa gari asimwone mama. Wanaonana mama anapochomoza kwenye kona ya lori, wakiwa na mita mbili au tatu baina yao.

Katika kisa hicho hakuna aliyevunja adabu isipokuwa barabara. Dawa zake zinajulikana. Mstari wa magari kusimama unarudishwa nyuma mita kadhaa kutoka kwenye kivuko, ili lori likisimama pale liache upenyo wa kuonana. Njia za kila upande zinapunguzwa kuwa moja kabla ya kivuko. Magari mengi mno kwa hilo? Basi ziwekwe taa. Kuchora pundamilia juu ya njia nne za magari ya kasi na kuondoka ni kumwalika mtu mahali usipopalinda.

Taa nazo zina mambo yake. Kitufe ambacho ukikibonyeza unasubiri dakika mbili kinafundisha watu kuvuka kwenye taa nyekundu, na wanajifunza haraka. Muda wa kijani ukihesabiwa kwa kijana wa mita 1.2 kwa sekunde, mzee ataachwa katikati. Kuna mbinu moja rahisi ninayoipenda kwa sababu haihitaji hata tofali: waenda kwa miguu wanapewa kijani sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari. Magari yanayokata kona yanapoanza kuondoka, watu wameshafika katikati ya kivuko na wanaonekana.

Usiku, mahali taa ya mtaani iliposimikwa ni jambo kubwa kuliko ukali wake. Ikiwa nyuma ya kivuko, mtu anakuwa kivuli cheusi mbele ya mwanga. Isogezwe upande magari yanakotokea, mita chache kabla ya kivuko, na mwili uleule unang'aa mbele ya giza.

Daraja la waenda kwa miguu je? Hapa najua nitapingwa. Daraja linafaa juu ya barabara kuu ambayo kweli haiwezi kusimamishwa. Mjini, mara nyingi linajengwa ili magari yasipunguze mwendo, kisha linaitwa mradi wa usalama wa waenda kwa miguu. Ili malori yapite chini, sakafu yake inabidi iwe juu mita 5 na ushee, yaani ngazi zaidi ya 30 kupanda na nyingine zaidi ya 30 kushuka, kwa ajili ya kuvuka mita 14. Mwenye mzigo anazitazama ngazi, anatazama pengo la magari, anachagua pengo. Baadaye unajengwa uzio, na baada ya uzio unaonekana uwazi uliokatwa kwenye uzio. Ule uwazi ndipo kivuko kilipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Mwenye baiskeli si gari dogo wala si mtembea kwa miguu mwenye haraka

Kosa la kawaida ni kumhesabu mwendesha baiskeli kuwa mmoja wa hao wawili. Akihesabiwa gari, anatupwa pembeni mwa njia ya magari ya kilomita 60 na kuambiwa ajihadhari. Akihesabiwa mwenda kwa miguu, anapandishwa kwenye njia ya miguu, ambako mwendo wake wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa unawatisha wazee. Anahitaji nafasi yake mwenyewe, na kanuni ya kumpa inategemea kasi na wingi wa magari. Kwenye mtaa wa 30 wenye magari machache, achanganyike nayo. Kwenye barabara ya 50 na zaidi, atenganishwe kwa kitu kigumu: ukingo wa zege, bustani nyembamba au safu ya magari yaliyoegeshwa. Mstari wa rangi haujawahi kuzuia tairi.

Hata kuegesha magari kuna upande wake. Njia ya baiskeli ikipita kati ya magari yaliyoegeshwa na yale yanayokwenda, mwendesha baiskeli anabanwa na hatari mbili: mlango unaofunguliwa ghafla kulia au kushoto kwake, na gari linalompita upande wa pili. New York ilipojenga njia yake kwenye barabara ya Ninth Avenue mwaka 2007, iligeuza mpangilio: njia ya baiskeli ikakaa ubavuni mwa njia ya miguu, ikifuatiwa na ukanda mwembamba wa kufungulia milango, ndipo yakaja magari yaliyoegeshwa. Yale magari yakawa ukuta.

Upana nao usifanyiwe ubahili. Mtu na baiskeli yake wanachukua chini ya mita moja wakiwa wamesimama, lakini baiskeli inayotembea huyumba, na anayepanda mlima huyumba zaidi. Mita 2 kwa njia ya upande mmoja zinamwezesha mwenye haraka kumpita mwenye mzigo. Na kuna vitu vidogo ambavyo haviandikwi kwenye hotuba za uzinduzi. Wavu wa chuma unaofunika mtaro, vyuma vyake vikielekea mwendo wa barabara, una nafasi zinazolingana kabisa na tairi jembamba. Niliingia kwenye mmoja wa aina hiyo asubuhi moja ya mvua; tairi la mbele likazama, mimi nikaendelea na safari peke yangu juu ya usukani. Kuugeuza wavu ule vyuma vikingame ni kazi ya dakika chache. Kovu la goti ninalo bado.

Lakini pahali penye hatari zaidi kwa baiskeli ni makutano, na hapa ndipo miji mingi huikatisha njia yake, mita 20 kabla, kana kwamba mwendesha baiskeli ataruka. Ajali mbaya kuliko zote za makutano ni ya lori linalokata kona kuingia upande uleule alipo mwenye baiskeli. Ametulia ubavuni mwa lori, karibu na mlango, na kutoka kitini kule juu dereva hamwoni, si kwa dirisha wala kwa vioo vyote. Taa inawaka kijani. Lori linakwenda mbele kidogo, linaanza kupinda, na magurudumu yake ya nyuma yanapita ndani zaidi kuliko ya mbele.

Waholanzi wamelitatua hili kwa kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga kwenye kila kona ya makutano. Kisiwa hicho kinafanya kazi tatu kwa pamoja. Kinalilazimisha gari lipinde kwa kona kali, kwa hiyo polepole. Kinamsogeza mwenye baiskeli asubirie mbele ya magari badala ya ubavuni. Na kinakirudisha kivuko cha baiskeli nyuma karibu urefu wa gari moja, ili dereva akikifikia awe ameshamaliza kupinda na anamtazama mwendesha baiskeli kwa kioo cha mbele, uso kwa uso.

Hawakuzaliwa na hekima hiyo. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani Uholanzi, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na miji yao ilikuwa ikivunja majengo kupanua barabara kama miji mingine. Wazazi waliingia mitaani chini ya jina zito, Stop de Kindermoord, "Komesheni Mauaji ya Watoto". Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda na hoja yao ikapata wasikilizaji wapya. Njia tunazozisifu leo zilijengwa baada ya hapo, kipande kwa kipande, nyingi wakati barabara ilipokuwa inachimbuliwa kwa matengenezo mengine. Sevilla nchini Hispania haikusubiri miaka mingi hivyo. Kuanzia 2006 ilijenga mtandao wa njia zilizotengwa, zikiungana, ndani ya miaka michache, na baiskeli zikaongezeka mara kadhaa. Neno la kushika hapo ni "zikiungana". Njia nzuri ya kilomita mbili inayoishia kwenye mzunguko wa magari ya kasi itatumiwa na wachache wasio na woga.

Mzunguko, au kipilefti, nao una sura mbili. Wa njia moja, mdogo, ni rafiki: makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana, mzunguko una 8, na kila mtu anaingia taratibu. Ule mkubwa wa njia mbili au tatu ni kitu kingine kabisa, na sijui mwendesha baiskeli anayeuzunguka bila kusali.

Kona

Kama ningepewa fedha za kurekebisha jambo moja tu, ningezipeleka kwenye kona. Kona ya mtaa iliyochongwa kwa nusukipenyo cha mita 12 inapitika bila kupunguza mwendo sana. Ileile ikibanwa hadi mita 4, gari dogo linalazimika kupunguza mpaka mwendo unaomruhusu dereva kumwona aliyeko mbele. Kuna faida ya pili ambayo haionekani mara moja. Kona pana inakula pembe ya njia ya miguu, kwa hiyo kivuko kinatua mahali barabara ilipotanuka; kona ikibanwa, umbali wa kuvuka unapungua kwa mita kadhaa bila kugusa kitu kingine.

Jibu analopewa anayependekeza hili ni lilelile kila mahali: lori la zimamoto litapitaje? Swali ni halali na lina jibu. Ukanda wa nje wa kona unajengwa kwa mawe yenye mikwaruzo, yaliyoinuka sentimita chache. Lori linalohitaji linaupanda; gari dogo linaukwepa kwa sababu unatikisa.

Wala si lazima kubomoa ili kujua kama kona inaweza kubanwa. Katika nchi za baridi, theluji ikianguka usiku, asubuhi mistari ya matairi inaonyesha sehemu ya lami ambayo magari huitumia kweli, na theluji iliyobaki pembeni, haijaguswa, ni eneo ambalo hakuna gari linalolihitaji. Kwenye joto kazi hiyo hufanywa na vumbi. Nenda kwenye kona yoyote pana baada ya wiki moja ya ukavu, utakuta changarawe, vipande vya chupa na vifuniko vya plastiki vimejikusanya kwenye pembe yenye umbo la kipande cha tikiti. Pima ukubwa wake kwa hatua. Wahandisi wa majaribio huanzia hapo: rangi kwenye mpaka wa vumbi, nguzo chache za plastiki, wiki kadhaa za kutazama malori yanapindaje, kisha ndiyo wanaita zege.